Jinsi Tulivyokisoma Kitabu cha Mjapani

Kitabu chenyewe kililetwa nyumbani na papa, ndani ya katoni, pamoja na termosi isiyo na kifuniko, soksi nne za sufu, na majani ya chai ya kijani ambayo maman alidhani ni dawa ya minyoo. Papa yetu, Alphonse, alikuwa shofeli wa watafiti wa sokwe kule Lwiro. Mjapani aliyekuwa akimwendesha, Dokta Nakaya, alimaliza muda wake mwaka 1983 akarudi kwao, na vitu asivyotaka kubeba akamwachia shofeli wake. Termosi maman aliitafutia kizibo. Soksi akavaa papa. Kitabu hakikuwa na mwenyewe, basi nikakichukua mimi.

Niseme mapema kwamba habari hii ni ya dada yangu Jeanine, si yangu. Lakini kosa lilikuwa langu, na sitaki mtu mwingine alisimulie, maana ama atalipunguza kwa huruma ama ataliongezea chumvi. Nitalisema mimi lilivyokuwa.

Tulikaa Nyalukemba, mtaa wa Bukavu. Jeanine alikuwa na miaka kumi na minane, mimi kumi na sita. Shuleni tuliitwa kwa majina ya Kizaire, kama serikali ilivyotaka, na nyumbani tukabaki Jeanine na Noëlla kama maman alivyotaka. Mimi nilimwita yaya, kwa kuwa ndivyo tunavyowaita wakubwa wetu Bukavu. Yaya alikuwa mtu wa taratibu. Hakununua kitambaa bila kukitoa nje ya duka akakitazame juani. Alipomaliza shule alijifunza daktilo, akapata kazi katika sekretarieti ya parokia, akipiga kwa mashine vyeti vya ubatizo na ndoa, na sijawahi kusikia cheti chake kimoja kikirudishwa kwa kosa. Maneno ya watu hayakumtikisa. Alichokiona kwa macho yake, hicho alikishika.

Kitabu kilikuwa kinene, karatasi yake nyepesi na ya kukwaruza kama ya gazeti, na chote kilikuwa picha. Picha za kuchorwa, za wanafunzi. Kulikuwa na msichana mwenye macho makubwa kuliko mdomo wake, na ndani ya macho mna nyota, basi nikamwita Nyota. Kulikuwa na kijana mwenye nywele zilizosimama, nikamwita Almasi. Maandishi yalikuwa ya Kijapani, na Nyalukemba nzima hapakuwa na mtu wa kuyasoma. Lakini hilo halikutuzuia. Tulishazoea vitabu vya picha za mapenzi vilivyopandishwa na wachuuzi kutoka Bujumbura, ambavyo maneno yake ya Kifaransa tulikuwa tukiyaruka, tukifuata sura za watu tu. Nilijua kusoma sura za watu. Mchana wa Jumamosi, tukishatoka salongo, ile kazi ya usafi ya lazima, na nguo zikiwa kwenye kamba, wasichana wa jirani walikuja barazani kwetu, mimi nikashika kitabu na kuwafasiria ukurasa kwa ukurasa, na sauti za wahusika wote nikazitoa mwenyewe.

Hadithi ilivyokuwa ni hivi. Mwanzoni kabisa Nyota na Almasi wako juu ya baiskeli moja, wanateremka mlima, yeye amemshika kiunoni. Wanapendana hata mtu unaona haya kutazama. Kisha wamekaa juu ya paa la shule, wanakula pamoja kutoka kwenye sahani moja ndogo. Kisha mambo yanaanza kuharibika. Wanakaa mbalimbali. Wanagombana. Mwalimu anawasimamisha wote wawili koridoni, kila mmoja ameshika ndoo ya maji, na adhabu hiyo tuliielewa bila kufasiriwa, maana kwetu pia tulishasimamishwa. Nyota anampiga kofi. Mwishowe kabisa wamo darasani, msichana amesimama mbele na mfuko wake, na kijana anaangalia dirishani kana kwamba hajawahi kumwona. Ukurasa wa mwisho Nyota anatembea peke yake chini ya mti unaomwaga maua. Mimi niliwaambia kwamba hayo ni maua ya msiba wa mapenzi yao. Yolande wa nyumba ya pili alilia kila Jumamosi, na mimi, nisikufiche, nilijisikia vizuri sana alipolia.

Kulikuwa na mambo yasiyokaa sawa, na niliyajibu yote. Kwa nini picha nzuri ya rangi imewekwa jaladani nyuma, na mbele hamna kitu ila maandishi madogo? Nikasema Wajapani ni watu wanyenyekevu, hawatangulizi uzuri. Halafu kulikuwa na ukurasa ambapo Almasi yuko chini sakafuni miguu juu, na picha inayofuata yumo hewani, na inayofuata tena ndipo anakanyaga maji yaliyomwagika.

Yolande akataka kujua sababu, "Noëlla, juu ya nini anaanguka mbele ya kuteleza?"

"Kwabo njo vile," nikamjibu bila kukohoa. "Mwili unajuaka mbele ya miguu."

Wakanikubalia. Mtu akisema kwa sauti ya kutosha, watu humkubalia.

Wakati huohuo yaya alikuwa na Almasi wake. Aliitwa Adalbert, alitoka Bagira, alisomea kilimo, na alikuwa mtu wa ajali. Siku ya kwanza kukaribishwa kwetu alimwaga chai juu ya abacost ya papa, koti lake la heshima. Siku ya pili alikaa kwenye kiti ambacho kila mtu nyumbani alijua kimevunjika. Alikuwa na mwavuli wenye mfupa mmoja uliopinda, na kila Jumapili baada ya misa alimsindikiza yaya chini ya mwavuli huo hadi barabara ya ziwani na kumrudisha, mvua iwepo isiwepo. Yaya, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo, alirudi kutoka matembezi hayo akiwa ameshika mbavu. Nilimpenda Adalbert. Naandika hilo ili lijulikane.

Mwezi wa tisa mwaka 1984 alipata kazi katika mradi wa mpunga huko Luberizi, bondeni mwa Ruzizi. Akaahidi kuandika, na kweli aliandika. Barua zilipandishwa na mashofeli wa malori ya mchele. Za kwanza zilikuwa na kurasa nne. Zikaja za kurasa mbili. Kufikia Krismasi ya mwaka uliofuata ilikuja nusu ukurasa, na nusu ya hiyo nusu ilikuwa juu ya mifereji ya maji. Kuja Bukavu akawa anakuja mara moja kwa miezi minne, amekonda, ametoka kwenye malaria, hana la kusema.

Yaya hakulalamika. Lakini nilianza kumkuta na kitabu. Siku aliyopokea ile nusu ukurasa alikaa kitandani, akakifungua mahali Nyota na Almasi wanapoanza kukaa mbalimbali, akaniuliza, "Hapa njo inaanzaka, eh?"

"Njo hapa," nikasema. "Toka hapa haiko tena kitu."

Niliyasema kama mtu anayejua. Ningeweza kunyamaza. Mtu akikuuliza juu ya kitabu hudhani anauliza juu ya maisha yake, nami nilikuwa na miaka kumi na minane, na nilifurahi tu kuulizwa.

Mwezi wa tano, 1986, watu wa Adalbert wakaja. Mambo hayo kwetu yana utaratibu wake. Upande wa kijana huleta kasiksi, pombe ya ndizi, mbele ya wazee wa pande zote mbili. Haifunguliwi mpaka baba amwite binti na kumuuliza kama inyweke. Akisema ndiyo, wazee wanakunywa, na mambo ya ng'ombe yanaanza kuzungumzwa. Akikataa, pombe inarudi ilikotoka bila kufunguliwa, na haiji tena. Msemaji wao alikuwa tonton Aloys, mdogo wake baba ya Adalbert, mtu mwenye sauti nene na kofia ambayo hakuivua. Adalbert alikaa mwisho wa benchi ndani ya abacost ya kuazima iliyomzidi mabega. Sisi wasichana tulikuwa jikoni. Maman, aitwaye Madeleine, alikuwa amekwisha kupanga vikombe.

Papa akamwita yaya. Yaya akaingia, akasimama katikati ya salon walipoketi wazee, mikono mbele. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la mlango. Nilimwona akimtafuta Adalbert kwa macho, na nilimwona Adalbert alivyofanya. Aligeuza uso, akaangalia dirishani.

Ukurasa ule niliujua. Nilikuwa nimeusoma Jumamosi ngapi, kwa sauti ya huzuni, na Yolande akilia pembeni.

"Jeanine," papa akasema, "hii pombe, tukunywe?"

Yaya akamtazama tena Adalbert, naye alikuwa bado anaangalia dirishani.

"Hapana, papa. Musikunywe."

Hakuna aliyepiga kelele. Tonton Aloys alisimama, akainua chombo chake kwa mikono miwili, akamwambia papa kwaheri kwa heshima zote. Adalbert akapita mbele ya maman akamshukuru kwa chai ambayo hakunywa. Kisha wakatoka. Vikombe vilibaki mezani mpaka kesho yake, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuvigusa. Yaya alikwenda kazini Jumatatu kama kawaida, na jioni maman akamsikia akilia bafuni huku akimwaga maji ili asisikike.

Zilipita wiki tano. Kiangazi kikaingia, na Dokta Nakaya akarudi kwa utafiti wa miezi miwili. Papa akamleta nyumbani kula. Alikuwa mtu mfupi, mcheshi, na Kiswahili chake alikuwa amejifunza kwa wasaka-njia wa msituni, kwa hiyo alizungumza kama sisi kabisa. Maman alimpikia bugali, sombe ya majani ya muhogo na sambaza, vile visamaki vya ziwani. Wakati wa kunawa akaona kitabu juu ya kabati. Nilikuwa nimekivalisha karatasi ya mfuko wa simenti kama daftari la shule, lakini alikijua kwa unene.

"Eee! Bado iko!" Akakishika kwa mikono miwili, akafurahi kama aliyekutana na mtu wa kwao. Kisha akakigeuza, akafungua jaladani nyuma.

Nilimsahihisha. Mungu anisamehe, nilimsahihisha. "Dokta, munashika nyuma-mbele."

Akanitazama, akatazama kitabu, akatazama tena jinsi nilivyokivalisha, na nilivyoandika jina langu kwenye upande niliouita mbele. Akaanza kucheka, kisha akajizuia kwa adabu. "Noëlla, kwetu tunasomaka toka huku." Akaweka kidole pembeni juu, upande wa kuume, akakisogeza kushoto, akashuka. "Hivi. Halafu hivi. Hapa njo mwanzo. Musichana iko mupya, anaingia masomo. Maua inaanguka, ni mwezi ya kuanza masomo. Hapa hawajuane. Hapa banagombana. Hapa mwalimu anabapa azabu, bashike ndoo. Hapa banaanza kupatana. Hapa banakula pamoja. Hapa, kinga. Imeisha." Kinga ni baiskeli. Waliokuwa juu ya baiskeli walikuwa ndio mwisho. "Ni kitabu ya kuchekesha," akasema. "Niliicheka sana mu ndege."

"Hakuna msiba?" nikauliza.

"Msiba gani?"

Nilitaka sakafu inimeze. Nimeaibika mara nyingi maishani, lakini aibu ya siku hiyo bado naiona usoni nikikumbuka. Yaya alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya sambaza mkononi. Hakuniangalia. Alimwuliza Dokta jambo moja tu.

"Dokta, ule kijana mwenye kuangalia dirisha. Njo ukurasa ya kwanza?"

"Ya kwanza, ao ya pili."

"Anaangalia nini?"

Nakaya akasogeza kitabu karibu na macho, akayasoma maneno madogo pembeni mwa kichwa cha kijana. "Haangalie kitu," akasema. "Anajisemea mu roho: nikimuangalia nitafanya ujinga. Anamuogopa sababu iko muzuri."

Yaya aliweka sahani mezani. Alasiri hiyo, Dokta alipoondoka, alikaa barazani na kitabu kutoka kuume kwenda kushoto, polepole, ukurasa mmoja mmoja, kama anavyokagua vyeti vyake. Pale tulipokuwa tunalia yeye alicheka. Pale Almasi alipoteleza kwanza, akaruka hewani, kisha akaanguka miguu juu, alicheka mpaka akafuta machozi, na baadaye yale machozi hayakuwa ya kucheka tena. Nikaenda kukaa karibu naye. Akahama kiti.

Siku tatu hakusema nami. Ya nne akaniambia, "Utanisindikiza Luberizi."

Maman alisema msichana aliyerudisha pombe hafuati pombe, ni aibu isiyo na jina. Papa alitoka nje, akasimama karibu na ua, akasema kwa sauti kubwa ili majirani wote wasikie kwamba mchele wa sokoni umejaa mawe, na kwamba anatuma binti zake wakachukue mzuri kulekule unakolimwa. Kisha akarudi ndani kusoma gazeti lake.

Tuliondoka Alhamisi katika kabini la lori lililokuwa linashuka tupu kwenda kupakia. Tulishuka Ngomo, mlima upande mmoja na shimo upande wa pili, na mimi nilisali njia nzima, nusu kwa ajili ya breki na nusu kwa ajili ya yaya. Yeye alishika mfuko wake mapajani. Ndani mlikuwa na kitabu. Bondeni joto lilitupokea kama mtu aliyefungua mlango wa jiko. Tulifika Luberizi saa sita, tukauliza, tukaonyeshwa mashamba.

Adalbert alikuwa ndani ya mfereji, maji magotini, suruali imekunjwa, na wakulima wawili wakimshikia kamba ya kupimia. Alituona kutoka mbali. Najua alituona, kwa sababu alisimama wima, kisha akainama tena kwenye kazi yake. Tukakaribia mpaka ukingoni. Akamaliza kupima. Akapima tena palepale alipokwisha kupima. Mwishowe akainua kichwa, lakini hakumtazama yaya, alitazama mitaro ya upande wa pili.

"Bonjour, citoyennes," akasema, salamu ya kiofisi anayopewa raia yeyote. "Munatafuta nani?"

Damu ilinipanda. Nilikuwa tayari kumwambia maneno yangu, kwamba tumekula vumbi la Ngomo, kwamba asijifanye hatujui. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Yaya akanishika mkono akaufinya hadi ukaniuma.

Nikamtazama usoni, na hapo nikaona anachokiona. Msichana amesimama na mfuko wake. Kijana ameangalia pembeni kama hajawahi kumwona. Huo ukurasa nilikuwa nimewaliza nao wasichana wa mtaa miaka mitatu, nikiwaambia ni mwisho.

"Miye naitwa Jeanine," yaya akasema, taratibu, kama anayejaza fomu. "Natoka Bukavu. Ni mara yangu ya kwanza huku. Sijue mutu hata mumoja."

Wakulima wakaangaliana.

"Hata mumoja?" Adalbert akauliza.

"Hata mumoja. Niko naomba kujuana."

Akamwangalia. Mara ya kwanza tangu tufike, alimwangalia yaya usoni, na uso wake wote ukabadilika, na akasahau kamba, akasahau alipo, akanyanyua mguu ili apande ukingoni kumpa mkono.

Kasiksi ilirudi kwetu mwezi wa nane. Tonton Aloys aliapa kwamba jambo kama hilo halijafanyika katika ukoo wao, na alikuja hata hivyo, na kofia yake, na papa alipouliza swali lake yaya alijibu kabla hajalimaliza, na ikanyweka yote. Lakini mimi siihesabu ndoa yao kuanzia siku hiyo. Naihesabu kuanzia ule mfereji wa Luberizi, saa sita ya mchana, wakulima wakitazama, yaya akiwa ameshanyoosha mkono. Ukingo ulikuwa na matope. Adalbert aliteleza kwanza, kisha akaanguka.